Bugaluu Yarudi, Fundi Yu Wapi?

Bugaluu imerudi. Suruali ile ya kubana mapajani na kupanuka miguuni kama kengele, ambayo wengi tulidhani ilikwisha kuzikwa pamoja na viatu vya raizoni, leo inatembea Boito, huko Konoin katika Kaunti ya Bomet, baina ya mashamba ya chai. Ukifika huko siku ya soko, hasa wakulima wakiwa wamekwisha kulipwa bonasi yao ya chai, utazikuta zimetundikwa kambani zikipepea kwa upepo wa baridi, na vijana wamezizunguka kama nyuki.

Vijana hao huziita mtindo mpya, nasi tuliowatangulia tunacheka kimoyomoyo. Miaka ya 1970 kaka zetu wa Mombasa walishindana kwa upana wa pindo. Asiyekuwa na uwezo wa kushonesha mpya alipasua mshono wa suruali yake tangu gotini, akatiliwa kipande cha pembe tatu, akawa naye kavaa. Walimu wetu hawakuzipenda hata kidogo. Hadithi ya nguo inayoburutwa kwa majivuno kila aliyepita chuoni anaijua, na pindo la bugaluu lilikuwa likifagia vichochoro vyote vya mji. Na yaliyomo vichochoroni, msomaji, sina haja ya kukutajia. Vipi mtu aliingia nayo msikitini, hayo ni mas'ala mengine.

Serikali nazo hazikunyamaza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, ikaanza Januari 1969. Idi Amin alipiga marufuku vimini Uganda mwaka 1972, na Malawi ya Banda ikatunga sheria yake ya mavazi mwaka 1973. Naona amri hizo hazikuwa na nguvu kama zilivyosifiwa. Kilichoiondoa bugaluu ni suruali nyembamba iliyokuja nyuma yake.

Na aliyeirudisha ni nani? Kufufua ya kale ni biashara ya mafundi wakubwa wa Ulaya. Januari 1971 Yves Saint Laurent alionyesha Paris mavazi ya mtindo wa miaka ya 1940, miaka ya vita. Magazeti yakamshambulia, kwani waliokumbuka Wajerumani walivyoukalia mji wao hawakuona la kusifu. Vijana, ambao hawakuyaona hayo, wakayapenda. Katikati ya miaka ya 1990 Tom Ford, akiwa Gucci, akaifufua miaka ya 1970. Na Alessandro Michele, aliyekabidhiwa usanii wa nyumba hiyo hiyo mwaka 2015, akaifufua tena.

Nguo ya Gucci yenyewe haifiki Boito. Huigwa na viwanda vya bei nafuu, ikavaliwa Ulaya msimu mmoja au miwili, kisha ikatupwa, ikafungwa robota, ikashushwa Kilindini mbele ya macho yetu, ikapanda bara mpaka Gikomba, ikachambuliwa. Zile teule, ambazo wachuuzi huziita kamera, huenda kwa wenye nazo; zilizobaki hupandishwa matatu kwenda masoko ya mashamba. Ndani ya robota moja huweza kulala bugaluu ya kweli ya mwaka 1975 pamoja na nakala yake ya juzi, na mnunuzi asitambue ipi mama ipi binti.

Hapo ndipo kicheko changu kinapokatika. Bugaluu za kaka zetu zilishonwa hapa hapa, na mafundi wa mitaani waliochukua vipimo kwa kamba shingoni. Kisumu palikuwa na kiwanda cha KICOMI, Eldoret pakawa na Rivatex, na miji hiyo si mbali na Boito. Milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, viwanda hivyo vilishindwa na mitumba na vitambaa vya nje, vikafa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikazinduliwa upya mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa hofu ya Korona, serikali ilizuia mitumba kuingia kwa miezi kadhaa, watu wakasema sasa zamu ya fundi imefika. Kizuizi kikaondolewa, marobota yakarudi.

Simlaumu kijana wa Boito. Pesa yake ni ya jani la chai, amelichuma mwenyewe kwenye umande, na kwa bei ya suruali moja ya dukani anapata tatu za mtumba. Lakini nilimwona fundi mmoja barazani, mtu mzima, na cherehani yake ya kukanyaga. Mbele yake palikuwa na rundo la bugaluu za wateja. Nikadhani anazishona. Kumbe anapunguza viuno tu, maana zilikatwa kwa miili ya Wazungu.

Nilimwuliza kama angeweza kushona moja tangu mwanzo. Akanitazama kama niliyemtukana, akavuta saraka, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjika: ruwaza yake mwenyewe ya bugaluu, yenye pindo la inchi ishirini na nne. Kitambaa ndicho hana.