Je, Wajua? Ndugu wa Tumbo Moja

Je, wajua kwamba jumba la Taj Mall lilibomolewa mwaka wa 2018, na hadi leo makanga wa barabara ya Outer Ring, Nairobi, huita "Taj! Taj!" gari likikaribia pale? Sisi wa mtaa wa Fedha hatushangai tena. Jengo lilienda, jina likabaki stejini. Katika familia zetu mambo ni kinyume: picha ya marehemu iko ukutani mwaka wa kumi na tano, hufutwa vumbi kila Jumamosi, lakini jina la kilichomuua lilizikwa naye. Ukiuliza, utajibiwa neno moja tu: tumbo.

Na wajua tumbo ni nini? Ni umio, ni kile kifuko kinachopokea chakula, ni utumbo mwembamba na mpana, ni ini, kongosho na nyongo. Kwa mwanamke ni mji wa mimba vilevile. Kumwambia daktari "baba alikufa na tumbo" ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia ashuke Nairobi.

Je, wajua kwamba kile kijitabu cha mazishi hutaja shule ya msingi aliyosoma marehemu, mwaka aliookoka na idadi ya vitukuu, kisha kikamaliza na "aliugua kwa muda mfupi"? Aliugua nini? Nimekaa katika kamati nyingi za mazishi, hapa Fedha na ng'ambo ya Tassia, tukihesabu pesa za jeneza na za basi. Swali hilo sijalisikia likiulizwa kwa sauti. Huulizwa jikoni, wakati wa kuosha vikombe, na hujibiwa kwa kunong'ona.

Je, wajua kwamba moja ya simulizi kubwa za tiba ya kurithi ilianza na fundi cherehani aliyekataa kunong'ona? Mwaka wa 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, Pauline Gross alimwambia daktari mmoja, Aldred Warthin, kwamba yeye angekufa mapema kwa saratani, ya utumbo au ya mji wa mimba, kwa sababu jamaa zake walikuwa wakienda hivyo. Daktari hakumcheka. Akaanza kuandika ukoo mzima: nani, wapi, kwa umri gani. Mwaka wa 1913 akachapisha aliyoyapata. Pauline alikufa kama alivyosema, kwa saratani ya mji wa mimba. Wengine wakaendelea na daftari lile, na mwaka wa 2000 jeni yenye kasoro katika ukoo huo ikapatikana.

Hali hiyo leo inaitwa Lynch, kwa jina la daktari Henry Lynch wa Nebraska. Yeye naye aliamshwa na mgonjwa mwenye domo. Mwaka wa 1962 alisimuliwa habari za mlevi mmoja aliyesema anakunywa kwa sababu anajua atakufa kwa saratani kama jamaa zake wote. Wenzake Lynch kwa miaka mingi waliona ni kupoteza wakati. Saratani, walisema, huletwa na mazingira.

Hebu turudi kidogo kwenye lile neno letu. Lynch hushambulia hasa utumbo mpana na mji wa mimba. Kwa hivyo mjomba aliyekufa "na tumbo" na shangazi aliyekufa "na tumbo" huenda walikufa kwa urithi mmoja, ingawa mmoja alitibiwa na daktari wa utumbo na mwingine na daktari wa akina mama, na mafaili yao hayakuwahi kukutana. Kiswahili kilikuwa kimeyaweka magonjwa hayo pamoja tangu hapo. Ni sisi tulioishia kwenye neno bila kuulizana "tumbo gani?"

Je, wajua ni watu wangapi wana Lynch? Hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 300 hivi, na wengi wao hawajui. Mwenye nayo humpa kila mtoto nafasi nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Haiangalii nani alifanana na baba pua.

Je, wajua kwamba msemo "ndugu wa tumbo moja" unaweza kutupotosha hapa? Wengi tunadhani ugonjwa wa tumbo hupitia kwa mama, kwa kuwa ndiye aliyebeba. Sivyo. Kama jeni ilikuwa kwa baba, basi watoto wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo wana nafasi sawa ya kuipata, kila mmoja nusu kwa nusu. Hao wa nyumba ndogo ndio tuliowaona mara ya mwisho kaburini, wamesimama kando na mama yao, na kijitabu hakikuwataja. Namba zao za simu hatuna, au tunazo na tumezifungia. Kesi ya shamba iko mahakamani. Sasa nani atampigia yule kijana amwambie, "Kaka, najua hatusemezani, lakini nenda ukapimwe utumbo"? Katika mambo yote ya kuarifu ukoo, hapa ndipo penye mfupa. Nimeona wanaotuma ujumbe kupitia kwa pasta, na wanaotuma kupitia kwa wakili. Wa wakili ulifika haraka zaidi.

Je, wajua kwamba Napoleon naye alijaribu kuwaarifu jamaa zake? Baba yake, Carlo, alikufa mwaka wa 1785 kwa ugonjwa wa kifuko cha tumbo. Miaka 36 baadaye Napoleon, mfungwa kisiwani Saint Helena, alihisi maumivu yaleyale. Akaagiza kwamba akifa apasuliwe, tumbo lichunguzwe, na matokeo apelekewe mwanawe ili ajikinge. Alikufa tarehe 5 Mei 1821, na kesho yake akapasuliwa. Mtoto akafa mwaka wa 1832 akiwa na miaka 21, kwa kifua kikuu.

Wapo wataalamu wa leo wanaodhani saratani ya Napoleon haikuwa ya kurithi hata kidogo, bali ilitokana na bakteria.

Naam, bakteria. Je, wajua kwamba vidonda vya tumbo "vya ukoo" mara nyingi si vya damu bali vya nyumba? Bakteria aitwaye Helicobacter pylori huambukizwa hasa utotoni, ndani ya familia. Barry Marshall wa Australia alimnywa makusudi mwaka wa 1984 ili kuwaonyesha wenzake kwamba huwasha tumbo; mwaka wa 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Huyu hutibiwa kwa antibiotiki. Kwa hiyo kabla ya kuuambia ukoo "sisi ni watu wa vidonda", pimeni.

Vivyo hivyo ini. Homa ya ini aina ya B huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, ikakaa kimya miaka 30 au 40, kisha ndugu watatu wakafuatana kwa saratani ya ini. Kijijini watasema wamerogwa. Kenya iliingiza chanjo yake katika zile za watoto wachanga mwaka wa 2001, maana yake sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Ndugu yako akipatikana nayo, kipimo chako ni tone la damu.

Je, wajua kuhusu Bomet? Hospitali ya Tenwek ya huko, kati ya 1996 na 2009, iliwaona wagonjwa zaidi ya 100 wa saratani ya umio wasiozidi miaka 30. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Katika waliohojiwa, zaidi ya thuluthi moja walisema kuna mwingine nyumbani aliyeugua hiyohiyo. Je, ni damu au ni chai? Familia hurithishana jeni, lakini pia hurithishana birika: vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vilitajwa mwaka wa 2016 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa huenda vinasababisha ugonjwa huo. Kwa anayepaswa kuwaambia nduguze, jibu halibadilishi simu. Kama ni damu waambie, kama ni birika waambie.

Je, wajua kwamba tumbo kujaa gesi baada ya chai ya maziwa ndiyo hali ya kawaida duniani? Watu wazima walio wengi hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Wafugaji wa kwetu wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayouhifadhi, tofauti na ya Wazungu. Timu ya mtafiti Sarah Tishkoff iliyaeleza mwaka wa 2007 baada ya kupima watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Maziwa lala hayasumbui sana kwa sababu yameshasagwa nusu. Hili halihitaji mkutano wa ukoo.

Je, wajua kwamba kuna ukoo wa Wamaori, New Zealand, uliopoteza watu zaidi ya 25 katika miaka 30 kwa saratani ya kifuko cha tumbo? Wapo waliosema ni laana. Wenyewe wakawatafuta wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Otago, wakakaa nao chini, wakataja wafu wao mmoja mmoja, na mwaka wa 1998 kasoro katika jeni ya CDH1 ikatambuliwa. Wengi wenye kasoro hiyo wameondolewa kifuko chote kabla ya ugonjwa. Ndiyo, mtu huishi bila kifuko. Hula kidogokidogo, mara nyingi.

Laana hapa petu ina majina yake, chira kwa Wajaluo, thahu kwa Wakikuyu, na sitazidharau: zilikuwa njia ya kusema "jambo hili limo ndani ya ukoo". Ila zilitafuta aliyekosa.

Je, wajua kwamba majina ya Kikuyu yanaweza kuchanganya daftari la daktari? Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babake baba, wa pili kwa babake mama, na binamu zao wote hufanya hivyohivyo. Matokeo: "Kamau aliumwa na utumbo." Kamau yupi? Wako saba. Andika mwaka wa kuzaliwa kando ya kila jina.

Na andika umri aliopatikana nao, si aliokufa nao. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi ni hii: kama mzazi, ndugu au mtoto wako amepata saratani ya utumbo mpana, uanze kuchunguzwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri wake alipopatikana, lolote litakalotangulia. Dada yako alipatikana akiwa na 43? Wewe ni 33. Wenye Lynch huanza mapema zaidi, mara nyingi kati ya miaka 20 na 25. Kijinyama cha utumboni kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani, na kikionekana kwa kamera hukatwa papo hapo.

Ila msiumizane roho bure. Saratani nyingi za utumbo mpana hazitokani na jeni moja ya kurithi. Zile zinazotokana nayo kwa wazi ni kama 5 katika kila 100.

Je, wajua kwamba daktari hatampigia binamu yako? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu hali ya afya na taarifa za jeni kuwa data nyeti. Mwenye siri ni wewe, na mwenye simu ni wewe.

Je, wajua kinachowafunga watu midomo hata hivyo? Posa. Wazee wakija kuulizia msichana, huchunguza ukoo: kuna kifafa? kuna wazimu? Mama mwenye mabinti watatu hatatangaza kwamba nyumba yake ina ugonjwa wa kurithi, na siwezi kumlaumu upesi. Methali husema mficha maradhi kifo humuumbua. Inamtisha mgonjwa mwenyewe, wakati hapa anayeumbuliwa ni ndugu ambaye hakuficha kitu.

Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alisema wazi mapema mwaka wa 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huohuo, na miaka yake ilikuwa 41. Watu waliomsikia walijua kwamba tumbo lina sehemu yenye jina.

Je, wajua nani wa kupeleka habari? Si kitinda mimba. Kijana wa miaka 26 akiwaambia wazee kuhusu choo chenye damu ataambiwa ana bawasiri, apake dawa. Tafuta shangazi, awe tata, senge au waya, yule anayewagombeza kaka zake nao wakanyamaza. Mpe karatasi ya daktari, umsomee polepole, yeye ndiye aseme.

Na kikundi cha familia cha WhatsApp? Andika kifupi, taja kiungo, taja umri, usitume sauti ya dakika tisa. "Wapendwa, Baba amepatikana na saratani ya utumbo mpana, ana miaka 58. Daktari asema ndugu na watoto wake wote wapimwe." Watajibu kwa vikono vya sala, kumi na saba kwa mstari. Atakayeuliza la maana hatauliza hapo. Ataandika faraghani, usiku saa tano, baada ya wengine kulala:

"Mimi pia naona damu. Tangu Agosti. Hiyo kamera inauma?"

Mwambie watamchoma dawa ya usingizi. Kazi ni siku ya kabla, kwa ile dawa ya kuosha tumbo, na asipange safari ya matatu.