Jinsi kokoto zinavyosafisha maji ya samaki

MKULIMA wa Mitunguu, Kaunti ya Meru, anayefuga ngege kando ya migomba yake anaweza kuwapoteza wote kwa adui asiyeonekana: amonia.

Ufugaji huu ulipata msukumo mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140.

Amonia hutoka kwa samaki wenyewe na kwa chakula kinachobaki na kuoza. Makali yake huzidi maji yanapopata joto, na Mitunguu ni eneo la joto.

Kwa tangi au kidimbwi kidogo, pipa la kokoto hufaa. Pampu husukuma maji hadi chini ya pipa, yakapanda taratibu kati ya kokoto na kurejea kwa samaki. Kwenye kokoto huishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, yenye madhara madogo.

Bakteria hao huhitaji oksijeni na wiki kadhaa ili wazaane. Kwa hivyo samaki waongezwe kidogo kidogo. Kokoto zioshwe kwa maji ya kidimbwi, si ya mfereji yenye klorini, kwani klorini huwaua.

Hata hivyo, nitrati na fosfati hubaki majini na kustawisha mwani, ambao usiku hupunguza oksijeni. Ndiposa sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Yanayotolewa yasimwagwe mtoni. Kwa migomba, hayo ni mbolea.