Bati la Kuezekea Nyumba

Ukisafiri kutoka mjini Shinyanga kwenda Kahama, kisha ukaendelea kupitia Kakola hadi Geita, utaona mapaa ya namna nyingi. Nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, ambazo zamani zilienea katika nchi ya Wasukuma, sasa ni chache. Mahali pake pamejengwa nyumba za pembe nne zilizoezekwa kwa mabati. Mabati mengine hung'aa juani, mengine yamepakwa rangi, na mengine yamekuwa ya kahawia kwa sababu ya kutu. Juu ya baadhi ya mapaa utaona mawe makubwa yamepangwa.

Mawe hayo yanatueleza jambo. Mwenye nyumba anaogopa kwamba siku moja upepo utachukua bati lake. Hofu yake si ya bure. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe pamoja na upepo mkali iliipiga Mwakata, katika Wilaya ya Kahama. Nyumba nyingi za matofali ya udongo zilianguka, na zaidi ya watu 40 walifariki. Ukuta wa udongo ukilowa maji hupoteza nguvu zake. Na ukuta hulowa upesi paa likifunguka. Kwa hiyo paa si kofia tu ya nyumba. Paa hulinda ukuta, na ukuta hulinda watu waliolala ndani.

Familia nyingi hununua mabati mara moja tu katika maisha, kwa fedha ya pamba, mpunga, ng'ombe au dhahabu. Dukani mabati yote mapya hung'aa, na macho peke yake hayawezi kutofautisha bati zuri na bati baya. Katika somo hili tutaona jinsi ya kutumia vipimo badala ya macho.

Bati ni nini?

Ingawa tunaliita bati, sehemu yake kubwa ni chuma. Ni karatasi nyembamba ya chuma iliyofunikwa pande zote mbili kwa tabaka jembamba la metali nyingine. Chuma kikikutana na maji na oksijeni iliyo hewani hufanya kutu. Kutu haishikamani vizuri na chuma. Hubanduka, na chuma kilicho chini yake hupata kutu pia. Hivyo chuma huendelea kuliwa mpaka kinatoboka.

Zinki ina tabia nyingine. Ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba unaoshikamana nayo na kuilinda. Mwaka 1837 Mfaransa aitwaye Stanislas Sorel alisajili njia ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Hebu tufanye jaribio. Chukua misumari miwili: mmoja wa mbao usio na zinki, na mmoja wa bati uliopakwa zinki. Ukwaruze ule wa bati kwa tupa mpaka chuma kionekane mahali padogo. Iweke misumari yote miwili katika kopo lenye maji yaliyotiwa chumvi kidogo, kila mmoja katika kopo lake. Iangalie kila siku kwa muda wa juma moja. Msumari wa mbao utapata kutu upesi. Lakini tazama kwa makini ule mkwaruzo katika msumari wa bati: utakawia kupata kutu, ingawa chuma chake ki wazi. Zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza, na chuma husalimika. Twaweza kusema kwamba zinki hujitoa ili chuma kipone. Lakini zinki ikiisha, ulinzi nao umekwisha. Ndiyo maana tabaka nene la zinki hudumu kuliko tabaka jembamba.

Wingi wa zinki hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba ya bati, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Katika maandishi ya kiwanda, Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki; Z100 ni gramu 100. Ukiona AZ, tabaka hilo ni mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambao karibu asilimia 55 ya uzito wake ni aluminiamu. Mchanganyiko huu hudumu muda mrefu zaidi kuliko zinki tupu yenye unene uleule, lakini hauukingi vizuri sana ukingo uliokatwa. Hewa ya Shinyanga ni kavu kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, wala haina chumvi ya bahari. Kwa hiyo bati moja litadumu zaidi Shinyanga kuliko pwani.

Familia nyingine hununua mabati machache kila mwaka na kuyaweka mpaka yatoshe. Mabati hayo yasilazwe chini yakiwa yamebanana. Maji yakiingia kati yake na kukosa hewa, zinki hufanya unga mweupe na kuharibika kabla bati halijapanda juu ya nyumba. Yaegemezwe ukutani mahali pakavu, mbali na mbolea ya chumvichumvi na mkojo wa mifugo.

Unene wa bati

Muuzaji atakuuliza, "Unataka geji ngapi?" Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu geji huhesabiwa kinyume: tarakimu ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa kipimo cha geji cha Kiingereza, geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 ni karibu milimita 0.31, na geji 32 ni karibu milimita 0.27. Tofauti hizo zaonekana ndogo kwa sababu tumezoea kupima kwa rula. Lakini viwanda vyote havifuati kipimo kimoja, na bati linaloitwa geji 30 katika duka moja laweza kuwa jembamba kuliko geji 30 ya duka jingine. Afadhali kuuliza unene kwa milimita.

Na kama muuzaji hajui, au hataki kusema? Tumia mizani. Tuseme bati lina urefu wa mita 3, na kabla ya kukunjwa migongo lilikuwa na upana wa mita 0.9. Eneo lake ni mita za mraba 2.7. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850 hivi. Basi bati la milimita 0.38 litakuwa na uzito wa karibu kilo 8, na la milimita 0.27 karibu kilo 5.7. Mizani ya kupimia mpunga yatosha kabisa kwa kazi hii. Pima mabati matano kwa pamoja, kisha gawanya kwa tano.

Kwa chuma kilekile, mabati 30 ya milimita 0.27 yana uzito sawa na mabati 21 hivi ya milimita 0.38. Bei nayo hukaribia kufuata uzito. Kwa hiyo mwenye fedha ya mabati 30 membamba ana fedha ya kuezeka nyumba ndogo kwa mabati manene. Kwa maoni yetu, vyumba viwili vyenye paa imara, vitakavyoongezwa baadaye, ni bora kuliko vyumba vitatu vya paa la kuogopa.

Migongo na mabonde

Weka karatasi moja ya daftari juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha weka kipande cha chaki katikati yake. Karatasi itapinda. Sasa ikunje karatasi hiyo migongo na mabonde kama bati, uirudishe juu ya vitabu, na uongeze vipande vya chaki kimoja kimoja. Utashangaa itakavyobeba. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alisajili uvumbuzi wa chuma chenye migongo mwaka 1829. Migongo mirefu humpa mwezekaji bati gumu zaidi kuliko migongo mifupi, ikiwa unene ni mmoja.

Upepo na misumari

Shika ukingo wa karatasi karibu na mdomo wako, uiache ining'inie, kisha upulize kwa nguvu juu yake. Karatasi itainuka. Upepo unaopita juu ya paa hufanya vivyo hivyo: hulivuta bati kwenda juu. Mlango au dirisha likiwa wazi upande wa upepo, hewa huingia ndani na kulisukuma kutoka chini.

Upepo wa mwendo wa mita 30 kwa sekunde waweza kuvuta kila mita ya mraba ya paa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 50 hivi. Lakini mita moja ya mraba ya bati la milimita 0.27 haina hata kilo 3. Sasa yafikirie yale mawe juu ya paa. Jiwe la kilo kumi haliwezi kushindana na upepo huo. Na likibiringika usiku, laweza kumwangukia mtu. Kinacholishika paa ni misumari, papi, kenchi, na ukuta, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa mwenzake.

Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo, si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Usipigwe mpaka mgongo ukabonyea. Misumari iliyosokotwa hung'oka kwa shida kuliko ile laini. Papi za bati jembamba zisiachane kuliko sentimita 90, na pembeni mwa paa, ambako upepo huvuta zaidi, misumari iwe mingi. Kenchi nazo zifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma ulioingizwa chini ya kozi kadhaa za matofali. Bati jembamba lina ubaya mwingine hapa: laweza kuchanika pale lilipopigiliwa, msumari ukabaki kwenye papi huku bati limekwenda zake.

Mabati yapandiane pembeni kwa mgongo mmoja na nusu, na ukingo wa juu uelekee kule upepo unakokwenda, si kule unakotoka. Wazee wa kijiji chenu wanajua dhoruba hutokea upande gani. Waulizeni kabla ya kuezeka.

Joto na radi

Bati hupasha nyumba joto kuliko nyasi. Bati lenye rangi nyeupe au ya kijivu chepesi hurudisha sehemu kubwa ya miali ya jua. Bati la rangi ya zambarau au nyekundu iliyoiva huimeza. Dari, hata ya mikeka, pamoja na matundu ya hewa chini ya paa, husaidia sana.

Watu wengine husema bati huita radi. Si kweli. Radi hutafuta kitu kilicho kirefu mahali palipo wazi, kiwe mti au nyumba, na paa la nyasi likipigwa huwaka moto.

Maji ya paa

Bomba la maji ya Ziwa Victoria lilifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, lakini si kila kijiji kimefikiwa. Paa la bati ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba ambayo paa lake lafunika ardhi ya mita 8 kwa mita 6 hupata lita 48 kwa kila milimita. Mvua moja ya milimita 20 yatoa lita 960, yaani karibu mapipa matano ya lita 200. Maji kidogo hupotea njiani.

Lakini katika vijiji vya wachimbaji wadogo kuna hatari isiyoonekana. Wachimbaji hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke. Zebaki haipotei. Hugeuka mvuke, na mvuke ukipoa huanguka juu ya udongo, majani na mapaa ya jirani. Mvua ikinyesha huisukuma ndani ya pipa. Zebaki hudhuru ubongo, na zaidi ubongo wa mtoto na wa mtoto aliye tumboni. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Ikiwa dhahabu huchomwa karibu na nyumba yenu, maji ya paa hilo yasinywewe wala kupikiwa, liwe bati la geji yoyote.

Mahali pasipo na uchomaji, acheni mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuelekeza mfereji kwenye pipa. Misumari yenye kofia za risasi, na rangi yenye risasi, visitumike juu ya paa la maji ya kunywa.

Mambo ya kufanya

1. Pima paa la darasa lenu kwa hatua au kwa kamba yenye alama. Mvua ya milimita 15 yaweza kutoa lita ngapi?

2. Tafuta kipande cha bati kuukuu. Kutu imeanzia wapi: katikati, ukingoni, au kwenye tundu la msumari? Eleza kwa nini.

3. Paka kopo moja rangi nyeupe na jingine nyeusi. Yajaze maji, yaweke juani kwa saa mbili, kisha pima joto la maji.

4. Mama mmoja ameambiwa achague kati ya bati la milimita 0.27 lenye rangi nzuri na bati la milimita 0.38 lisilo na rangi. Ungemwuliza maswali gani kabla ya kumshauri?