Mzee Anapoweweseka Wodini


 Makala haya yanamhusu mzee aliyelazwa hospitalini.

Ameingia wodini na homa ya mapafu, akili timamu, anawatania wajukuu. Usiku wa pili mambo yanageuka: anamwita marehemu mkewe, anataka kuchomoa dripu, anasisitiza kwamba yuko shambani. Kesho yake amelala tu, hata salamu haitikii. Ndugu wanaanza kunong'onezana kuwa amerogwa, au kwamba ndio uzee umeingia.

Mara nyingi si hivyo. Akili ya mzee inaweza kuvurugika ghafla kwa sababu ya maambukizi, upungufu wa maji, maumivu, baadhi ya dawa au kukosa usingizi. Hiyo ni dalili ya hatari, na muuguzi aelezwe papo hapo. Daktari wa zamu huenda anamwona mzee huyo kwa mara ya kwanza. Ndugu ndiye anayejua alivyokuwa juzi.

Mwaka 1999, Dk. Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 15 walipatwa na hali hiyo ya akili kuvurugika ghafla. Kwa walioongezewa uangalizi maalumu, ni asilimia 9.9.

Uangalizi wenyewe haukuwa dawa mpya. Wagonjwa walikumbushwa siku na mahali walipo, wakasaidiwa kuinuka na kutembea, wakavalishwa miwani na vifaa vyao vya kusikia, wakahimizwa kunywa maji. Usiku walipewa kinywaji cha moto na kusuguliwa mgongo, na kelele zikapunguzwa.

Mengi ya hayo yamo ndani ya uwezo wa familia, ilimradi muuguzi aulizwe kwanza kama mgonjwa anaruhusiwa kunywa na kutembea. Miwani iliyosahaulika nyumbani iletwe siku hiyo hiyo.

Kuna kosa moja linalojirudia saa za kuona wagonjwa. Watu wanane wanazunguka kitanda, kila mmoja anauliza: "Babu, unanijua mimi nani?" Mzee anashindwa kujibu, anaona aibu, hofu inazidi. Bora aingie mmoja, amshike mkono na kusema taratibu: "Shikamoo babu. Ni mimi Juma, mjukuu wako. Leo Jumatano, uko hospitali, unatibiwa. Mama anakuja jioni na uji." Akidai yuko shambani, asibishiwe wala asichekwe, aulizwe habari za shamba hilo, kisha arudishwe polepole wodini.

Familia zipange zamu za kukaa naye. Na viongozi wa hospitali, pale nafasi inaporuhusu, wamruhusu ndugu mmoja alale karibu na mzee aliyechanganyikiwa.