Makere Imo Katika Rafu Gani?

Wazee wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu kwa kawaida huambiwa mwenye duka, lakini leo sisi tungependa kuuelekeza kwa wale wanaopanga miji na vijiji vya nchi hii, na kwa vijana wanaosomea kazi hiyo katika vyuo vikuu vyetu. Ardhi ni mali, na makazi ya watu ni mali kubwa zaidi. Je, daftari lake liko wapi?

Tuchukue mfano wa mahali palipo mbali na bahari. Makere ni kata ya wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, katika nyanda za juu za Buha, kwenye njia iendayo Kibondo. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba yamkini hajapata kufika huko, naye ana haki ya kuuliza Makere yamhusu nini. Tunamwomba atuvumilie kidogo, kwani tutamrudisha nyumbani kabla hatujamaliza.

Tumchukulie kijana anayesomea shahada ya uzamili ya mipango miji katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Fani hiyo imekuwa ikifundishwa mahali hapo tangu miaka ya 1970, kabla chuo hakijawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Kijana huyo ameazimia kuandika tasnifu juu ya Makere na vijiji vilivyo jirani nayo. Anaingia maktaba na kutafuta chini ya kichwa cha habari cha mipango miji. Akiishia hapo, yamkini atatoka akiamini kwamba pande zile hazijapata kupangwa na mtu yeyote. Imani hiyo itakuwa ni kosa kubwa.

Ukweli ni kwamba watu wa nyanda zile wamepangwa na kupangwa tena. Katika miaka ya 1930 Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka katika mashamba yao yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja, kwa hoja ya kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Walitakiwa wakae kwa wingi wa kutosha kukishinda kichaka. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, nayo ikawakusanya wananchi katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1996, vita vilipowakimbiza watu kutoka mashariki mwa Zaire, ambayo mwaka uliofuata ilibadili jina na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa jirani na Makere. Mwaka 2015 wakaongezeka wakimbizi wa Burundi, na idadi ya waliokuwa kambini ikapita 150,000. Hao ni watu wa kujaza mji, tena mji wenye njia zake, visima vyake, shule zake na hospitali yake.

Mara tatu, basi, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mkono wa mamlaka umechora mistari juu ya ardhi ile na kusema: hapa pajengwe nyumba, pale palimwe, huku pasikaliwe. Ikiwa hayo si mipango ya makazi, sisi hatujui mipango ni kitu gani.

Kwa nini, basi, habari hizo zisionekane katika rafu ya mipango miji? Sababu yake ni nyepesi. Uhamisho wa kwanza ulifanywa kwa jina la afya, na makaratasi yake yalifuata njia ya madaktari na wakuu wa wilaya. Wa pili ulifanywa kwa jina la siasa na kilimo, na vijiji vikapata sheria yao mwaka 1975. Kambi nayo ni shauri la wakimbizi, lenye sheria yake ya mwaka 1998, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya mipango miji, ile ya mwaka 1956 na hata iliyoirithi mwaka 2007, iliutazama mji uliotangazwa kuwa mji. Kwa hiyo ardhi ni moja, na watu ni wamoja, lakini habari zao zimegawanywa kama urithi wa ndugu wasioelewana.

Hapa ndipo maktaba ya chuo kikuu inapokuwa na kazi isiyoweza kufanywa na ofisi yoyote ya Serikali. Ofisi hutunza yaliyo yake tu. Maktaba huweka daktari, bwana shamba, mkuu wa wilaya na mpimaji ardhi chini ya dari moja. Kijana wetu akivuka barabara na kupanda Mlimani, katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ataikuta sehemu ya Afrika Mashariki, ambamo zimehifadhiwa pia karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila na desturi aliyeitumikia Serikali ya kikoloni katika Tanganyika. Akiteremka mjini hadi Nyaraka za Taifa, atavikuta vitabu vya wilaya, ambamo wakuu wa wilaya waliandika habari za mipaka, watu na njia. Naye akimwuliza mkutubi, badala ya kuhangaika peke yake, ataelekezwa atafute kwa majina mengine: Buha, malale, mbung'o, ujamaa, wakimbizi. Mkutubi mzuri humpunguzia mtafiti miezi ya kutangatanga.

Kisha ataliona jambo la kufurahisha na kusikitisha pamoja. Mwaka 2011 Julie Weiskopf alitoa tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, juu ya historia ya jamii zilizohamishwa katika mkoa wa Kigoma baina ya mwaka 1933 na 1975. Tunafurahi kuwa kazi hiyo imefanywa. Tunasikitika tunapojiuliza ni maofisa wangapi wa ardhi katika wilaya zetu za magharibi waliopata kuisoma, na ni wazee wangapi wa Buha waliorudishiwa, kwa lugha wanayoielewa, yale waliyoyasimulia wenyewe.

Sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi. Mji wa Zanzibar umepangwa mara nyingi, na kila mara daftari liliandikwa. Lanchester alitoa mpango wake mwaka 1923. Kendall na Mill walitoa wao mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Hubert Scholz kutoka Ujerumani ya Mashariki alichora mpango wa mwaka 1968, na wataalamu wa Kichina wakaleta wao mwaka 1982. Mpango wa kuhifadhi Mji Mkongwe ukafuata mwaka 1994, na mwaka 2000 mji huo ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa kuwa makaratasi hayo yanaweza kuonekana, mtafiti Garth Myers aliweza kuandika kitabu chake cha mwaka 2003, kinachoulinganisha mji wetu na Nairobi, Lusaka na Lilongwe. Mwananchi wa Ng'ambo anayetaka kujua ni kwa fikra gani majumba ya Michenzani yalikatiza mtaa wa babu yake, anao ushahidi wa kuushika mkononi. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, lakini hawezi kudanganywa kirahisi.

Mwananchi wa Makere hana bahati hiyo. Siku atakapoambiwa kwamba kijiji chake kinapimwa upya, au kwamba ardhi ya kambi itapewa matumizi mengine, atauliza ni nini kilichoahidiwa mwaka 1972, na mpaka ulipita wapi mwaka 1996. Ofisa atakayemjibu kwa kukisia hatakuwa amemjibu. Na haki ya mtu juu ya shamba lake haiwezi kusimama juu ya makisio.

Kwa sababu hiyo tunayo machache ya kupendekeza. Kwanza, sheria imekwisha kuwataka wachapishaji watoe nakala za vitabu kwa maktaba za taifa, lakini ripoti nyingi za mipango hazichapishwi. Hupigwa chapa nakala chache tu, zikafungiwa kabatini, na ofisa anapohamishwa hupotea. Tunaona kila halmashauri, na kila mshauri anayelipwa kwa fedha za umma, alazimike kupeleka nakala katika maktaba ya chuo kikuu, Bara na Visiwani.

Pili, kila mwanafunzi wa uzamili anayetafiti kata au shehia arudishe huko nakala ya tasnifu yake pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Aliyepokewa ukumbini na kupewa kiti asiondoke moja kwa moja.

Tatu, wakutubi waandike jina la mahali katika orodha zao, si jina la fani peke yake, ili anayetafuta Makere aipate Makere, iwe iliandikwa na daktari au na mpimaji.

Nne, maofisa wa mipango wafunguliwe milango ya maktaba hizo, nao waone kuingia humo ni sehemu ya kazi yao. Ofisa asidhani kuwa kusoma kulikwisha siku alipovaa joho.

Hayo hayahitaji fedha nyingi za kigeni wala majengo mapya. Yanahitaji nidhamu ya kuandika, kutunza na kurudisha. Taifa linalopanga bila kusoma lililopanga jana litamhamisha mwananchi yule yule mara ya nne, na kumwambia kuwa ni mara ya kwanza.