Je, Wajua? Kikombe Kinachosingiziwa

Mtu akikohoa wiki mbili mfululizo katika ploti za Kawangware jijini Nairobi, kitu cha kwanza kutengwa ni kikombe chake. Kitatiwa alama kwa rangi ya kucha, sahani yake itaoshwa mwisho, na watoto wataonywa wasiviguse. Je, wajua kwamba kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe? Wala kwa sahani, wala kwa kupeana mkono. Bakteria wake, ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, husafiri hewani. Mgonjwa anapokohoa, kuimba au hata kuzungumza, hutoa vitone vidogo mno vinavyoweza kuelea kwa saa kadhaa mahali pasipopita upepo. Sasa chukua chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, watu watano, na dirisha moja lililozibwa kwa gunia kwa kuogopa baridi na wezi. Kikombe kinasingiziwa bure, na gunia halitajwi na mtu. Nyanya zetu waliokuwa wakianika blanketi na magodoro hawakumsoma Koch, ila jua huwaua bakteria hao, na hewa inayopita chumbani hutawanya vile vitone. Tena mgonjwa anayemeza dawa sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza wenziwe baada ya wiki chache, ingawa dozi kamili ni ya miezi 6 au zaidi, nayo hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma.

Ugomvi wa dirisha umo pia ndani ya matatu. Panda 46 ya Kawangware au 8 ya Kibera asubuhi ya Julai, fungua kioo kidogo tu, uone utakavyotazamwa. Machi 2020, kwa kuogopa korona, serikali iliagiza matatu ya viti 14 ibebe abiria 8, na nauli ikapanda papo hapo. Agizo lilipoondolewa abiria walirudi kubanana, na vioo vikarudi kufungwa.

Je, wajua kwamba baridi ya Julai, peke yake, haimpi mtu mafua? Lazima virusi viwepo. Baridi huvisaidia tu: virusi vya mafua ya kawaida huzaana vyema kwenye nyuzijoto 33 hivi, na pua yako ikipigwa na upepo wa asubuhi huwa karibu na hapo. Kisha sote tunajifungia ndani kuota jiko, na kazi imekwisha. Tangawizi, ndimu na asali hulainisha koo, na hilo si haba. Lakini vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja dukani ni vya kuua bakteria. Kwa virusi vya mafua ni kama kuupiga risasi moshi. Watafiti waliofanya kazi Kibera wameandika mara kadhaa jinsi dawa za antibiotiki zinavyonunuliwa bila cheti cha daktari. Duka la dawa halina foleni ya saa nne, na linakuuzia kwa kiasi cha pesa ulichonacho mfukoni.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya inampa mfanyakazi siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka? Ipo katika kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kuna masharti mawili: uwe umemtumikia mwajiri wako miezi miwili mfululizo, na ulete cheti cha daktari. Sasa mtafute mama fua wa Kawangware anayevuka barabara alfajiri kwenda kungoja kazi Lavington, mtaa wa wenye nazo. Yeye hana miezi miwili mfululizo na mtu yeyote. Ana Jumatatu kwa huyu na Alhamisi kwa yule, na wiki ya mvua hana hata hizo. Kijana wa mjengo wa Kibera hulipwa jioni kwa kazi ya mchana. Asipofika saa moja, koleo lake lina mwenyewe mwingine saa moja na dakika tano. Zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, na huko siku ya kuugua ni siku ya kukosa unga. Kwa hiyo swali la “kwani hukuweza kubaki nyumbani?” nimelisikia kwa watu wenye hati ya mshahara tu.

Ambalo mwenye nyumba wa Lavington halifikirii ni kwamba huyo mama akija na kikohozi, anakuja nacho hadi kando ya kitanda cha mtoto. Virusi haviandiki jina kwenye kitabu cha askari getini.

Je, wajua kwamba anayeuza chakula Nairobi, hata cha kibandani, anatakiwa awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi 6? Sababu ya kupima watu wasioumwa popote inaeleweka ukimjua Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi New York. Alikuwa mzima kama chuma, ila alibeba bakteria wa homa ya matumbo bila kujijua, na karibu kila nyumba aliyopika ilibaki na wagonjwa. Alikamatwa mwaka 1907, akaachiliwa 1910, akabadili jina na kurudi jikoni kwa sababu upishi ndio uliomlipa vizuri. Akakamatwa tena mwaka 1915 na kufungiwa kisiwani hadi alipofariki mwaka 1938. Mpelelezi wake alishuku zaidi aiskrimu yenye vipande vya matunda mabichi, kwani moto huwaua bakteria hao na aiskrimu haipiti motoni. Aiskrimu yetu sisi ni kachumbari. Maharagwe yanayotokota sufuriani yaache. Angalia mkono uliokata nyanya.

Homa ya matumbo yenyewe, taifodi, ina historia yake Kibera. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, ikishirikiana na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, iliwafuatilia wakazi huko kwa miaka kadhaa kupitia Kliniki ya Tabitha na kugundua kuwa ugonjwa huo ulikuwa juu kuliko Lwak, kijijini magharibi mwa nchi, na kwamba watoto ndio walioumia zaidi. Kliniki hiyo ina jina la Tabitha Festo, muuguzi mjane wa Kibera aliyepewa dola 26 na kijana Mmarekani, Rye Barcott. Alizifanyia biashara ya mboga, na kwa faida akafungua kliniki chumbani kwake. Lakini si kila anayesema “niko na taifodi” anayo. Kipimo cha Widal, kinachotumika katika vyumba vingi vya maabara mitaani, kilibuniwa mwaka 1896, na huweza kusema ndiyo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye maambukizi mengine kabisa. Hivyo mtu anaweza kutibiwa taifodi mara nne kwa mwaka bila kuugua hata mara moja. Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya ugonjwa huo kote nchini.

Maji je? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Mtu wa Kibera huambiwa anawe, kana kwamba ni mvivu wa kunawa, naye hununua maji kwa mtungi wa lita 20 huku wenzake wa mitaa ya fensi wakimwagilia nyasi kwa mpira. Mabomba mengi ya plastiki yanayoleta maji hayo hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye ufa huvuja nje. Siku ya mgao nguvu hushuka, na ufa uleule ukavuta ndani kilicho mtaroni. Maji yanarudi jioni, mitungi inajazwa, yanaonekana safi kabisa. Ndiyo maana shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede aliyekulia mtaa huohuo, liliinua mabomba juu ya nguzo: yanapita juu ya mapaa, nje ya mtaro na nje ya mikono ya wanaoyatoboa usiku ili kuuza maji.

Wenye fensi nao wasicheke. Julai 2017 mawaziri wawili walilazwa hospitalini baada ya kula kwenye maonyesho ya biashara katikati ya jiji, kipindupindu kikiwa kimetanda Nairobi.

Je, wajua kwamba maji baridi hunawisha sawasawa na ya moto? Mafuta ya taa yasikusumbue. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Virusi vya korona na vya homa ya mafua vimejifunika utando wa mafuta, basi mikia hujichomeka humo na kuupasua. Vingine, kama norovirusi vya kuharisha, havina utando huo, na vitakasa mikono vya spiriti havivisumbui sana. Hivyo dawa yake ni kusugua na kusuuza. Kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa dukani kwa uzi hufanya kazi hiyo sawa na chupa yenye picha ya maua. Ukimaliza, punga mikono hewani ikauke. Ile taulo moja ya kibanda, inayoshikwa na kila mla chapati tangu asubuhi, itakurudishia ulichokwisha kukiosha.

Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, watu wapunguze kushikana noti. Baadaye ilidhihirika kuwa korona huenea zaidi hewani, na noti zikaingia kundi moja na kile kikombe cha Kawangware. Hakuna aliyelalamikia ada kuondolewa, hata hivyo.

La mwisho ni la vijidudu vyenye adabu. Shirika la Umande Trust lilijenga Kibera vyoo vya umma ambavyo chini yake kuna tangi lisiloingiza hewa. Humo bakteria hula kinyesi na kutoa gesi, nayo hupanda kwa bomba hadi jikoni, ambako huwasha jiko la kupikia chai. Anayeandaliwa chai hiyo kwa mara ya kwanza huuliza maswali mengi. Akirudi mara ya pili, huuliza kama kuna mandazi.