Moshi wa Kipupwe Haupandi Juu

Kama umewahi kupeleka viazi au mahindi Mbeya mjini alfajiri ya mwezi Juni au Julai, huenda umeuona moshi. Umetanda juu ya mapaa, haupandi wala haushuki. Jua likishakuwa kali, moshi ule hutoweka. Wakati wa mvua huuoni hivyo. Majiko ni yale yale. Magari ni yale yale. Kwa nini basi moshi wa kipupwe unalala?

Tujifunze sababu yake, maana jambo hili linagusa vifua vya watoto wetu, wa mjini na wa kijijini.

MJI ULIO NDANI YA BAKULI

Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini milima inayolizunguka iko juu zaidi. Kaskazini upo mlima Loleza, wenye mita 2,656. Karibu nao upo mlima Mbeya, unaozidi mita 2,800. Kusini-mashariki ipo milima ya Uporoto. Mji umekaa bondeni, kama uji chini ya bakuli. Barabara kuu ya kwenda Zambia, pamoja na malori yake, inapita humo humo.

Usiku wa kipupwe mbingu ni nyeupe. Hakuna mawingu ya kuifunika ardhi, kwa hiyo ardhi inapoa upesi. Hewa iliyo karibu na ardhi inapoa pia. Hewa baridi ni nzito. Inateremka kutoka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi. Hewa hiyo ya juu ni kama mfuniko wa sufuria. Moshi hupanda kidogo, hukutana na mfuniko, kisha husambaa.

Asubuhi jua hupasha ardhi joto. Hewa ya chini hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Mfuniko umefunguka.

Mvua zinaponyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, hewa huoshwa na vumbi hutulia. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto na ukavu. Hapo vumbi na moto wa mashamba huongezeka.

ANACHOMA WA MLIMANI, ANAKOHOA WA BONDENI

Usiseme kwamba haya ni ya watu wa mjini. Kijiji kilicho bondeni ni bakuli pia. Mkulima wa mlimani akichoma mabua jioni, hewa ya usiku hushuka na moshi wake. Wanaouvuta ni jirani zake wa chini, wakiwa wamelala.

DHARA LA MOSHI

Ndani ya moshi mna chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Moshi huamsha pumu. Huwadhuru wenye ugonjwa wa moyo. Kwa watoto wadogo, huongeza hatari ya homa ya mapafu, yaani nimonia.

Mama na baba, jifunzeni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mtoto awe ametulia. Hesabu kwa dakika moja nzima, kwa saa au simu. Pumzi ni za haraka mno zikifika:

Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi.
Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi 5: mara 40 au zaidi.

Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, usingoje hata saa moja.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke. Ota moto nje. Kabla ya kulala, jiko litoke.

TUFANYE HAYA

1. Washa jiko nje. Usiliingize jikoni mpaka moshi uishe.
2. Tumia kuni kavu. Kuni mbichi zina moshi mwingi.
3. Jiko la ndani liwe na dirisha, na mtoto asibebwe mgongoni penye moshi.
4. Usichome mabua. Yatandaze shambani au tengeneza mboji.
5. Usichome takataka, hasa plastiki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijiji chetu kiko mlimani au bondeni? Moshi wetu unakwenda wapi usiku?
2. Nani kati yetu analala na jiko la mkaa? Tutamsaidiaje apate blanketi?
3. Kila mzazi aliyepo ahesabu pumzi za mtoto wake leo. Amepata ngapi?